Mlinzi wa Ukumbi na Wimbo Wake

Nakumbuka siku moja ya mnada pale Ikungi, mwanangu, nilipokuwa kijana wa kurudufu kanda. Nilikuwa na redio ya kaseti mbili: kanda halisi huku, kanda tupu kule, na kufika mchana nina nakala za kuuza. Sikuona kosa lolote. Siku hiyo akaja mwanamume mwenye gitaa mgongoni, akasimama akisikiliza sauti iliyokuwa ikitoka kwenye redio yangu. Aliitwa Hango, na sauti ile ilikuwa yake.

Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Kijana, huyu anayeimba anakula wapi?"

Nikacheka. Nilikuwa na umri wa kucheka ovyo.

Miaka ikaenda, kanda zikafa, nami nikahamia mjini, mtaa wa Mandewa. Zikaja simu hizi. Neema, binti yake Hango, akaziweka nyimbo za baba yake mtandaoni, na mmoja ukapendwa sana. Ulisikika saluni, sokoni, kwa vijana wa bodaboda. Nilifurahi kweli, nikasema sasa mzee amepata. Sikujua kwamba watu wanaweza kuusikiliza wimbo mchana kutwa, na kinachomfikia aliyeuimba kisinunue hata nyuzi mpya za gitaa.

Nilijua wakwe zangu waliponialika harusi mtaa wa Utemini. Mlinzi wa ukumbi, aliyevaa koti kubwa la kazi, alikuwa Hango.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia.

"Marahaba. Na wewe umezeeka, mtu wa kanda."

Ndani wimbo wake ukaanza. Akanishika mkono. "Subiri ubeti wa pili. Humo nimemtaja marehemu mke wangu."

Haukufika. Kijana wa muziki aligusa simu yake, ukaingia wimbo mwingine. Hango akaingia ukumbini taratibu, kofia mkononi, nami nikamfuata nikaketi mezani pangu.

"Mwanangu, naomba uumalizie. Wimbo ule ni wangu."

"Mzee, rudi getini," kijana akajibu. "Siku hizi hakuna anayesikiliza wimbo mzima."

Watu wakacheka. Nami, niliyemjua tangu ujana, nikiwa ndani ya suti, nilitazama sahani yangu. Niliona haya kuonekana najuana na mlinzi mbele ya wakwe.

Hango alifariki kabla ya mavuno ya mwaka ule. Neema ana sauti ileile ya baba yake, naye aliimba, lakini ameacha, anashona nguo. Nilimfuata nikamsihi aimbe tena. Hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Baba mdogo, niwaimbie kina nani? Wanasikiliza nusu, na nusu yenyewe hainilishi."

Niliondoka na swali lake, mwanangu. Hadi leo natembea nalo.

Ninachoweza kukuachia ni hiki kidogo. Wimbo ukikugusa, usikilize mpaka mwisho. Uliza nani kauimba. Akipiga muziki karibu nawe, nenda, ulipe kiingilio bila kuomba upunguziwe. Na mwenye kazi yake akidharauliwa mbele yako, fungua mdomo, hata kama umevaa suti. Sikudanganyi kwamba hayo yatatosha. Wanaopanga malipo ya nyimbo za mtandaoni wako mbali, hawatujui, na sauti nyingi zitanyamaza kama ya Neema. Lakini usije ukazeeka na aibu kama yangu.

Mungu akupe masikio yenye subira, na jasho lako likulishe ungali hai.