Karani Aliyemuua Mwenyekiti

Vestina Kahangwa alikuwa karani wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, Izigo, kwa miaka tisa. Mitatu kati ya hiyo aliipoteza akiomba ruhusa ya kazi ya nusu saa. Chama kina jina lake kwenye mtandao, na kila jina la namna hiyo lina daftari ambalo dunia nzima yaweza kulisoma. Vestina alitaka kuandika humo ni mitambo ipi yenye idhini ya kutuma barua pepe kwa jina la chama, na kwamba barua zitokazo kwingine zikataliwe. Mwenyekiti Rwekaza alimjibu kwamba barua za chama hulindwa na muhuri. Akaagiza muhuri mkubwa zaidi.

Jumamosi moja makatibu wa matawi wakapata barua kutoka anwani ya chama: Mwenyekiti amefariki ghafla, maziko Jumatatu. Chini ulikuwepo muhuri, ule mkubwa. Jumapili ikasomwa kanisani. Kwetu msiba haungoji uthibitisho; mchana watu wa tawi la Buganguzi walishafika na mikungu ya ndizi vichwani, wanawake wakilia tangu barabarani. Marehemu walimkuta kibarazani, anakula. Ndizi hakurudisha hata mkungu mmoja.

Kesho yake aliitisha kamati, akamgeukia Vestina.

“Nywila ya ofisi anayo nani?”

“Mimi, waitu,” Vestina akajibu, kwa heshima ya Kihaya.

“Basi umeniua wewe. Kusanya vitu vyako.”

Mumewe Vestina alizikwa kibanjani, katika shamba la nyumbani, mwaka juzi, na migomba haimlipii mtoto shule. Hakulia. Aliomba dakika tano, akatoa mkobani kompyuta yake ya nyumbani, isiyo na nywila yoyote ya ofisi, akaandika. Simu za wajumbe zikalia mezani, moja baada ya nyingine. Barua ilionyesha imetoka kwa Mwenyekiti, na ilisema amejiuzulu.

Agnetha, mweka hazina, aliisoma mara mbili.

“Tumepokea,” akasema. “Tunakubali.”

Walicheka wote isipokuwa mmoja, na Vestina akapata idhini yake. Akawauliza wajumbe, mmoja mmoja, barua zao hupitia mtambo gani, ili auandike daftarini. Rwekaza, ambaye barua zake hutumwa na mpwawe kutoka ofisi moja mjini Bukoba, alikataa kutaja. Mwenye nyumba, alisema, haandikishwi mlangoni kwake.

Wiki mbili baadaye aliingia ofisini na karatasi ya Kiingereza, jibu la mtambo kwa barua aliyoituma, ameigongea muhuri. Alitaka kujua kwa nini kamati haijaipata barua yake. Vestina akasoma kichwa cha barua iliyorudishwa: Kuachishwa Kazi kwa V. Kahangwa. Nje kahawa ilianikwa juani, na harufu yake tamu, ya kitu kinachokufa polepole, ikaingia dirishani. Akaikunja karatasi.

“Inasemaje?” Rwekaza akauliza.

“Inasema, waitu, hujulikani.”