Ng'ombe Wazima wa Serafina

Serikali ilipomlipa Hosiana fidia ya ng'ombe wake, Serafina alirudi zizini kwake akawatazama wa kwake. Wamenona, macho maangavu, wanacheua bila haya. Akawachukia.

Wote wawili walikuwa wake wa Magesa, mfugaji wa pembezoni mwa Nyahanga. Serafina mkubwa, Hosiana mdogo. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na zizi lake, na kwa desturi yao ng'ombe akishagawiwa nyumba, kitokacho kwake ni cha nyumba hiyo: maziwa, ndama, hata samadi. Basi ilipokuja kampeni ya kutokomeza ugonjwa wa kutupa mimba, ng'ombe wakapimwa damu, wagonjwa wakachinjwa, na fidia nayo ikafuata nyumba. Wagonjwa wote walitoka kwa Hosiana. Wa Serafina walikutwa wazima.

Hosiana akaezeka bati. Asubuhi jua likilipiga, mwanga uliruka ua ukapenya mlangoni kwa Serafina, ukamkuta chini ya paa lake la nyasi akikoroga uji. Wapita njia waliulizana kama Magesa amepata dhahabu Bulyanhulu. Mvua ya kwanza iliponyesha, Magesa alijifunika koti, akavuka ua kwenda kulala kusikovuja. Serafina aliweka sufuria chini ya tone moja, na bakuli chini ya jingine, akisikiliza mvua inavyolishangilia bati la mwenzake.

"Nimewatunza vizuri mno," alimwambia jirani yake Eunice. "Uzima wao umeniponza."

"Mama Edward, kuna watu wanaomba mifugo yao iwe na afya."

"Wana bati hao."

Baadaye mtamba pekee aliyebaki kwa Hosiana naye akatupa mimba. Masudi, bwana mifugo, akamtenga ndani ya uzio wa miiba nyuma ya nyumba, akawaonya wake wote wawili: ng'ombe mwingine asiingie pale, asinuse hata nyasi alizolalia huyu, mpaka damu ipimwe tena. Serafina aliyasikiliza makatazo yale kama wengine wasikilizavyo mapishi.

Siku Magesa alipokwenda mnadani, Serafina alimfunga kamba ng'ombe wake mwekundu, mwenye maziwa kuliko wote, akamzungusha kwa nyuma mpaka kwenye ule uzio. Alikwishaliondoa tawi la mlangoni alipomwona Hosiana amesimama na ndoo ya maji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Malisho yamehamia huku?"

Ng'ombe alinyoosha shingo kuelekea ule upenyo. Serafina akaivuta kamba kidogo.

Hosiana alilitazama tawi, kisha ng'ombe. "Unataka bati."

"Na mimi naloa."

"Loa tu, dada. Mzee analala kwangu, lakini anakula wapi? Anakunywa mgando kwako, anakuja kwangu kufuta masharubu. Fredy wangu nikimwita hasikii, yuko mlangoni kwako na kikombe. Mimi nanunua maziwa kwa yule wa bodaboda, nusu yake maji." Aliitua ndoo. "Kila jioni nikikusikia unakamua, natamani wafe."

"Wafe?"

"Wote. Waanze na huyu mwekundu."

Serafina alimtazama usoni. Uso ule aliujua. Kila asubuhi aliuona ndani ya beseni lake mwenyewe, kabla hajautikisa kwa viganja.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungenipa nini? Pole?"

Kitu kililegea kifuani mwa Serafina, na hakikuwa huruma. Kumbe miezi yote ile, alipokuwa akihesabu matone, kulikuwa na mtu upande wa pili wa ua akiumia kwa sababu yake. Alilirudisha tawi mahali pake, akalikandamiza kwa mguu mpaka miiba ikashikana. Kisha akamgeuza ng'ombe.

Njia ya nyuma ilikuwa fupi zaidi. Lakini alimpitisha mbele, mlangoni kwa Hosiana, polepole, kiwele kimejaa, akimwacha asimame kila alipotaka kusimama.