Kipindi cha Ijumaa cha Mwalimu Jenoveva

"Nirudishie kipindi changu, Florian. Sijakuomba hicho Kiingereza chako, nimekuomba dakika zangu arobaini."

Hayo aliyasema Mwalimu Jenoveva Burito mbele ya walimu wote, uji ukiwa bado wa moto, na mimi niliyeupika nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Ilikuwa mwaka 1995, katika shule ya Walutheri iliyofunguliwa pembeni mwa mji wa Musoma. Florian, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amemkopa kipindi cha darasa la tano. Walimu hukopana vipindi: leo nipe chako nimalizie mada, kesho nitakupa changu. Florian alishakopa Ijumaa nne muhula ule, na kesho yake ilikuwa haijafika.

"Subira, madamu," akasema, akipuliza uji. "Siku ya wazazi inakaribia. Watoto lazima washike shairi."

"La theluji."

"Ndiyo, la theluji."

"Wewe umewahi kuiona?"

"Mbona Yerusalemu tunafundisha na hatujafika?"

Walimu wakacheka. Jenoveva hakucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa anafukuzwa taratibu.

Ratiba ya shule ile ilikuwa imepigwa chapa na kubandikwa ukutani, ikamezwa na Kiingereza vipindi kumi na viwili. Hisabati vinane. Biblia na katekisimu vinne. Kompyuta viwili, ingawa kompyuta yenyewe ilikuwa bado iko njiani na watoto waliichora kwenye daftari, kila mmoja na umbo alilojaliwa. Chini kabisa, Kazi za Mikono, kipindi kimoja, Ijumaa baada ya uji. Mwisho wa muhula kamati ya shule ingekaa kupunguza masomo, na wote tulijua kalamu ingeanzia chini. Jenoveva hakuwa na somo jingine. Somo likifa, naye anafunga mzigo kurudi kwao Murangi. Tumaini lake lilikuwa siku ya wazazi, maana kila somo lilitakiwa lionyeshe kazi.

Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa wale waliochukuliwa wametoka darasa la saba wakafundishwa kufundisha huku wanafundisha. Miaka ile ya foleni za sabuni, chaki zilipokwisha, aliandika ubaoni kwa kopa la muhogo mkavu, na kazi kubwa ilikuwa kuwazuia watoto wasile somo. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, sukari ikarudi madukani, na shule za kulipia zikaja pamoja nayo. Mchungaji aliyeifungua shule yetu alimchukua kwa sababu mikono yake ilijua kila kitu: mikeka, vyungu, nyavu. Baba yake hakuzaa mtoto wa kiume, kwa hiyo kushona nyavu alimfundisha yeye, majirani wakiguna. Suala la yeye kuwa Mkatoliki, mwalimu mkuu Bernado alilimaliza siku ya kwanza: "Mungu ni mmoja, mama, ila ratiba ni ya Walutheri."

Sasa, kazi ya muhula ule ilikuwa kuziba wavu wa sangara. Wavu ulitoka wapi? Hapo ndipo utamu ulipo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mhoja, mfanyabiashara wa samaki, alisimama kikaoni akasema, "Sikulipa ada ili mwanangu ashone nyavu. Nyavu anazo babu yake." Siku mbili baadaye mtu wake akaleta gunia, ndani wavu umeraruka kama umepigana na kiboko. "Mzee anasema watoto wafanyie mazoezi. Asitajwe." Mazoezi ya bure, bila shaka. Jenoveva akapokea, kwani shule ilikuwa haijamnunulia hata sindano.

Akaugawa vipande kumi, kila Ijumaa na kipande chake. Ijumaa iliyokopwa, kipande chake kikarukwa.

"Si umalizie mwenyewe nyumbani?" nikamwambia. "Nani atajua?"

"Nikimalizia nyumbani, kamati itasema somo linaendaga bila kipindi. Acha pengo libaki."

Siku ya wazazi ikafika. Darasa la tano wakakariri theluji kwa Kiingereza, wakitetemeka kwa pamoja, jua la saa sita likiwachoma utosini. Makofi! Mzee Mhoja alipiga kuliko wote. Ndipo watoto wakaubeba wavu, wakautandaza uwanjani.

Mzee akasahau kwamba ni mwenyekiti. Akainama, akavuta fundo kwa kidole.

"Hili la nani?"

"Langu, babu," akasema Gati, binti wa miaka kumi na moja.

"Haliteleziii!" Akasogea, akakutana na pengo la kupitisha mbuzi. "Na hapa?"

"Hapo ilikuwa theluji, mzee," akajibu Jenoveva.

"Na hapa?"

"Theluji tena."

Watu wakaanza kushikana mabega kwa kicheko. Mzee akapandisha sauti: "Hapa sangara wa kilo ishirini anapita na watoto wake! Nani kaacha wavu hivi?"

"Mzee," akadakia Dafroza, mzazi kutoka Murangi, muuza dagaa asiyeogopa mtu, "uchungu wote huo wa nini? Au haya maboya si yako?"

Ziwani kila mwenye nyavu hupaka maboya rangi yake, na mwalo mzima wanaposhushia samaki unaijua. Ya Mzee Mhoja yalikuwa mekundu yenye mstari mweupe. Alikumbuka kukataza jina lake lisitajwe. Kuyafungua maboya hakukumbuka.

"Ee baba," Dafroza akaendelea, "kumbe babu wa nyavu ndiye wewe!"

Uwanja ulipotulia, mzee akajifuta uso, akamgeukia mwalimu mkuu. "Bernado, hii kazi imalizike. Mpeni huyu mama vipindi vyake."

Jumatatu kamati ikakaa. Kazi za Mikono ikabaki. Muhtasari ulisema ni kwa ajili ya kumjenga mtoto kimwili na kiroho. Kompyuta ikapunguziwa kipindi kimoja mpaka hapo itakapofika.

Na Ijumaa hiyo Florian akasimama mlangoni mwa darasa la tano, saa mbili asubuhi, saa ya Kiingereza chake, nzuri kuliko zote.

"Madamu, nimeleta kipindi."

"Karibu. Usikimbie, kaa."

Akampa sindano ya nyavu na uzi. Florian akafunga fundo la kwanza, likateleza. La pili, hivyo hivyo. Gati akalifungua, akamshika mwalimu wake vidole, akamwonyesha pa kupitishia. Nilikuwa napita na kuni, nikachungulia: kijana jasho linamtoka, ulimi nje, Kiingereza chote kimemwisha. Kengele ilipolia alikuwa ameziba macho matatu tu ya wavu, vidole vyekundu.

"Bado unanidai vitatu, madamu," akasema, akijinyoosha mgongo.

Jenoveva akainua kile kipande kwenye mwanga, akavuta fundo moja baada ya jingine. Yalishika, ingawa yalikaa upande upande.

"Hivyo vitatu nimekusamehe," akasema. "Ukivilipa vyote, wavu wa watu utaharibika."