Bugali ya Kulala

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuelewa neno moja vibaya. Kwetu mtaa wa Cimpunda, mlimani, bugali, yaani ugali, iliyobaki jana tuliiita bugali ya kulala. Mimi, niliyetaka kuwa wa kwanza darasani kila mwezi, niliamini kwamba ukila chakula kilicholala, akili yako nayo italala.

Leo asubuhi, nikipita nyuma ya nyumba moja hapa mtaani Ibanda, nilisikia harufu ya bugali ikichomwa juu ya makaa. Nilisimama kama mwizi aliyeitwa jina lake. Rafiki yangu, harufu hiyo ndiyo iliyoniamshia utoto wangu wote. Kila asubuhi Koko, bibi yangu aliyenilea, aliikata bugali ya kulala vipande, akavigeuza kwa vidole mpaka vikafanya ganda, akanipa na chai ya mchaichai. "Kula," alisema, "kichwa haiwake bila kuni." Chai niliinywa. Vipande nilivificha ndani ya shati, nikamtupia nguruwe wa jirani, kisha nikashuka mlima nikikariri hesabu, tumbo likinguruma, nikijiona mjanja.

Siku inspecteur, mkaguzi wa shule, alipokuja kusikiliza calcul mental, hesabu za kichwani, mwalimu aliniita wa kwanza, kwa kujivunia. Nilisimama, na namba zote zikanitoka. Niliporudi kukaa nililala pale pale juu ya dawati. Kilichoniamsha ni kicheko.

"Muache," mwenzangu alisema, "iko anahesabu mu ndoto."

Mwalimu alinitoa nje, akaniuliza taratibu nilikula nini. Niliona aibu ya kumtaja nguruwe, nikachagua aibu ya mtu mwingine.

"Hapana kitu, citoyen. Kwetu chakula hakuna." Walimu tuliwaita citoyen, yaani raia, wakati ule.

Jioni alipanda hadi kwetu, mikate mkononi. Majirani walikuwa uani wakichambua sombe, majani ya muhogo.

"Maman, mutoto hawezi kusoma na njaa," mwalimu alimwambia Koko.

Koko alinitazama. Alijua alichonipa asubuhi ile. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Ni kweli, citoyen," akasema. "Nilikosea."

Hakuniuliza neno. Kuanzia kesho yake aliamka gizani kunipikia buyi, uji mpya wa moto, na majirani wakasema kumbe mwalimu amemfundisha kulea.

Kwenye ua ule sasa pamejengwa duka. Koko alikufa, na hakuna jirani niliyemwambia ukweli. Tangu buyi ile ninakula kila asubuhi, na darasani sikusinzia tena.