Kitenge Juu ya Kabati la Diski

Mashine inayokaribia kufa husema. Haipigi kelele, inaandika tu: saa hii diski fulani imeshindwa kusoma, saa hii imejaribu tena, saa hii joto limepanda. Maandishi hayo ofisini tuliyaita journal, kwa Kifaransa kama kila kitu cha kazi, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuyasoma. Sijawahi kusoma kitu chenye ukweli mwingi na msaada mdogo kama kile.

Ofisi yetu, pale Goma, ilitafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita. Picha zao, lugha zao, makovu yao, jina la kilima walikotoka, vyote vilikaa ndani ya kabati moja la chuma lililojaa diski, kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya chef, mkuu wetu wa kazi. Kabati lilipangwa hivi: diski moja ikifa, zilizobaki zinabeba mzigo wake na hakuna kinachopotea. Zikifa mbili, basi, umekwisha.

Moja ilikuwa imekwisha kufa. Tuliagiza nyingine Kampala, ikasafiri vizuri hadi mpakani Bunagana, na Bunagana ikaangukia mikononi mwa wapiganaji. Nadhani hadi leo iko kwenye ghala la forodha, au kuna kijana mwenye bunduki anazuilia mlango nayo. Nakala za picha zilitakiwa kwenda Kinshasa kwa intaneti, lakini intaneti yetu ilikatika kila mizinga ilipolia, na mizinga ililia sana. Nilimwambia chef kwamba tunatembea kwa mguu mmoja. Akanijibu, "Tuombe Mungu." Nilikasirika, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na jibu bora.

Mama aliyefanya usafi ofisini alikuwa mkimbizi. Alitoka upande wa Bunagana, akaishi kwenye kambi ya Kanyaruchinya chini ya turubai, na kila asubuhi alishuka mjini kwa miguu. Njiani wakati wa kukimbia, watu waliposukumana kwa milio ya risasi, mkono wa binti yake ulimponyoka. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Hakuweza kumwambia mtu jina la mama yake wala la kijiji. Picha yake pekee ilikuwa ndani ya simu ya mama huyo. Tuliihamishia kwenye kabati letu, na muda mfupi baadaye simu ikaibiwa kambini. Kwa hiyo sura ya yule mtoto, duniani kote, ilikuwa mahali pamoja tu. Bila hiyo, hata kama angeokotwa Uganda au Rutshuru, nani angemtambua?

Kila Ijumaa nilimfungulia ile picha. Mtoto mwenye gauni la manjano, hindi la kuchoma mkononi, kovu juu ya nyusi. Alitazama mikono ikiwa nyuma, asije akachafua kioo. Kisha alisema, "Aksanti, dada. Iko sawa," na kurudi kwenye ndoo yake.

Ijumaa moja, baada ya yeye kuondoka mezani kwangu, nikafungua journal na kusoma yote ya mwezi mzima, badala ya kutazama mistari mipya tu kama kawaida. Dalili ya mvua ni mawingu, na pale mawingu yalikuwa mengi. Diski ya pili ilikuwa inaugua. Lakini kilichonishtua ni joto. Mchana lilikuwa la kawaida. Jioni, sisi tukiisha kwenda nyumbani, lilipanda, likakaa juu usiku kucha, na asubuhi kabla hatujafika likashuka. Jumamosi na Jumapili lilikaa juu kutwa nzima. Mashine isiyo na kazi ya kufanya inapata wapi homa?

Nikamwendea mlinzi, mzee wa upande wa Bukavu, nikamkaripia kwamba anazima ventilateur, feni ya kile chumba, ili achaji simu yake.

"Mimi?" akasema. "Mama, sijaigusaka hata siku moja. Nyinyi batu ya Butembo, kitu ikiharibika, muBukavu ndiye mwizi."

Tulicheka kidogo, nami sikumwamini. Niliazimia kurudi kesho yake saa za mchana, ofisi ikiwa imefungwa, nijionee mwenyewe. Lakini Jumamosi mizinga ilianza mapema upande wa kaskazini, na hakuna aliyetoka nyumbani. Pale Mapendo, mtaani kwetu, tulikaa sakafuni, mbali na madirisha, tukisikiliza. Niliwaza watu wa Kanyaruchinya waliokuwa wanakimbia kwa mara nyingine, na niliiwazia pia ile diski. Naona aibu kusema niliwaza vyote viwili kwa pamoja.

Jumapili baada ya misa nikaenda. Mlinzi akanifungulia, nikaingia kwenye kile chumba, na hapo nikaona.

Kabati lilikuwa limefunikwa kitenge, au kikwembe kama tunavyosema huku. Hakikutupwa tu, kilikuwa kimekunjwa mara mbili na kuchomekwa vizuri pembeni zote, mbele na nyuma, pale pale mashine inapovutia hewa. Nilikifahamu kile kitenge, cha bluu chenye ndege. Ndicho alichokivaa mama wa usafi siku tuliyompa kazi, na sikumwona nacho tena.

"Ni ule mama," mlinzi akasema. "Anafunikaka jioni, asubuhi anakitosha, anakunja. Juu ya vumbi, isiingie ndani."

Ungemlaumu kwa lipi? Goma yote tunafunika. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko. Mama yangu alifunika redio kwa kitambaa alichofuma, televisheni kwa kingine, na aliyekiacha wazi chombo cha thamani aliitwa mvivu. Hakuna aliyemwambia kwamba chombo hiki kinapumua. Na mimi, nilikuwa nafika kila siku baada yake.

Nilikivuta kitenge, na joto likanipiga usoni. Taa ya diski ya pili ilikuwa nyekundu. Journal iliniandikia saa yake: ilikufa Jumamosi, wakati tumekaa sakafuni. Nilizima, nikaacha chuma kipoe, nikawasha tena. Nikarudia hadi mlinzi akaniambia, "Mama, imetosha." Baadaye tulizipeleka diski nje kwa mafundi wenye vyombo bora kuliko vyetu, nao wakajibu kwa mistari michache kwamba hakuna kinachosomeka.

Nilikikunja kitenge nikakiweka juu ya ndoo yake. Chef aliponiuliza sababu, niliandika: joto kupita kiasi. Ni ukweli, na journal inashuhudia. Chef akailaumu ventilateur, mlinzi akatazama dari, na mambo yakaishia hapo.

Lakini kwake yeye nilipaswa kusema kitu. Ijumaa ilifika, naye, siku yake ya kwanza kurudi kazini tangu ile mizinga, akaja mezani, mikono nyuma. Nikamwambia mashine imekufa na picha zote zimekwenda nayo. Hakulia. Aliuliza kama na ya kwake pia. Nikasema na ya kwake pia. Kisha akaingia kile chumba, nami nikamfuata, nikimwomba Mungu asiniulize imekufa na nini.

Aliweka kiganja juu ya kabati na kukiacha pale.

"Iko baridi," akasema. "Kila asubuhi, nikitosha kikwembe, nilikuwa nagusa, nasikia iko na moto. Nilikuwa nasema: mutoto wangu amelala muzuri."

 Akapangusa vumbi juu ya chuma kwa ncha ya nguo yake, taratibu, kama bado kuna haja.

"Ni kosa yangu, dada," akasema. "Ningelifunika na bikwembe mbili."