Tulivyohesabu Pundamilia Nyuma ya Ng'ombe

Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Nyakato kilipotupunguza, nilirudi kwa mama yangu, mtaani Igogo, nikawa napika maandazi. Ndipo jirani yetu, bwana mmoja wa wanyamapori, akanipatia kibarua cha kuhesabu nyumbu na pundamilia kwenye mbuga iliyo kando ya ziwa. Alisema anataka mtu mwenye macho makali. Mimi nilikuwa nimezoea kuona uzi uliokatika katikati ya nyuzi elfu.

Siku ya kwanza tulikuwa watatu ndani ya Landrova: jirani, dereva na mimi. Gari liliponguruma tu, pundamilia walio mbali kabisa wakainua vichwa, wakatimua vumbi. Tulisogea, wakakimbia tena. Hadi saa sita nilikuwa nimehesabu matako tu, tena hayo hayo mara nyingi.

"Andika matako," dereva alisema. Jirani hakucheka.

Mchungaji mmoja wa Kisukuma alikuwa amesimama na ng'ombe wake, redio begani, akitutazama kama sinema. Nikashuka.

"Mwangaluka," nikamsalimia.

"Mwangaluka, dada. Mnawafukuza kwenda wapi?"

Nilipomweleza kazi yetu alicheka hadi akashika magoti. Akasema tangu serikali iruhusu biashara huria, pikapu zinakuja kuwinda nyama ya porini ya kupeleka mjini, na wanyama wameujua mlio wa injini. "Ng'ombe wangu hawamwogopi yeyote, wala hawaogopwi. Njoo utembee nao."

Jirani alisita, akakubali. Mchungaji akanivua koti langu la mtumba, la njano kama ndizi mbivu, akanifunga shuka lake lililonuka maziwa na moshi. Redio akaizima. Tukaenda polepole kwa kufuata malisho, mimi nimeinama nyuma ya jike mmoja mweupe aliyekuwa akinipiga mkia usoni.

Pundamilia hawakukimbia! Walinyanyua masikio, wakaendelea kula. Niliwaona kope. Nilihesabu kwa kunong'ona hadi koo likakauka, na furaha ikinijaa kama mtoto aliyepewa soda.

Lakini karibu na njia ya pikapu, niliona majike wengi na watoto wachache sana.

"Mbona hawa hawana watoto?" niliuliza.

"Mama anayekimbizwa kutwa atanyonyesha saa ngapi?" alijibu. "Hata ng'ombe ukimkimbiza, maziwa hupungua."

Jioni nilimwambia jirani maneno hayo hayo, naye akayaandika yote, bila kusahau jina la mwenye ng'ombe. Akaenda kuzungumza na serikali ya kijiji. Wanakijiji walikwisha kuchoshwa na pikapu zile kwa kuwa zilikanyaga mihogo yao, wakachimba mtaro kukata ile njia. Mimi pia nilishika jembe, nikatoka malengelenge.

Msimu uliofuata nikaitwa tena. Mtaro ulikuwa umeota majani, na kando yake majike walikula kwa utulivu, watoto wakirukaruka ubavuni mwao. Safari hii hata Landrova tuliisogeza karibu kiasi kabla hawajashtuka. Dereva alijigamba kwamba wamempenda.

Nilipofika nyumbani mama alinusa harufu ya ng'ombe niliyokuja nayo, akaniamuru nioge nje kwanza, kisha akataka nimsimulie kila pundamilia.