Nilivua Viatu Mbele ya Mizani

Nakumbuka asubuhi niliyovua viatu, kilemba na koti kwenye foleni ya kituo cha afya, ili mizani inione mwepesi. Nilikuwa sijala wala sijameza dawa, na nilijiona mjanja sana.

Mwanangu, wewe unayeanza dawa sasa, nilikuwa mjane wa miaka ishirini na minne, ninaishi mtaa wa Gitega chumba kimoja na binti yangu Hadija. Nilikuwa na virusi vya Ukimwi, na bado ninavyo. Neno hilo silisemi kwa kunong'ona. Mradi mmoja ulikuwa ukitupa unga wa uji kila mwezi, lakini kwa waliokonda tu. Ukinenepa, jina lako linafutwa. Basi dawa zilipoanza kunirudishia mashavu, nilishikwa na hofu, maana Hadija alikuwa akila unga uleule. Nikaanza kuruka dawa: leo nameza, kesho naacha. Hakuna aliyenishauri, upumbavu ule niliutunga mwenyewe.

Aliyenigundua ni Bibi Zaina, fundi cherehani wa mtaa wa Nyakabanda, aliyekuwa akichukua dawa palepale. Alinikuta nimeshika viatu mkononi, midomo imekauka, Hadija amekaa miguuni pangu. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Mama Hadija, hizi dawa unakunywa?"

Nikavificha viatu nyuma yangu.

"Unajiua juu ya unga? Na ukikufa, huyu mtoto nani atamukorogea uji?"

Nililia palepale mbele za watu. Nilidhani atanisema kwa wauguzi, kumbe alinipita tu, akapanda mizani na viatu vyake, koti lake na mwavuli mkononi. Bibi alikuwa na mwili, alhamdulillahi. Msichana wa mradi akatabasamu, akamwambia amepona kukonda, kwa hiyo unga hapati.

"Andika," Bibi Zaina akasema. "Andika mimi iko mzima, na kwa nyumba hakuna unga. Andika yote mbili."

"Bibi, hapa kwa karatasi hakuna pahali pa kuandika ile."

"Basi leta karatasi ingine."

Foleni ilicheka, lakini mwanamke wa pili naye alipanda na viatu vyake akasema vilevile. Na wa tatu. Zamu yangu ilipofika nilivaa viatu, nikamfunga Hadija mgongoni, nikapanda. Nikamwambia muuguzi mbele ya wote kwamba nimekuwa nikiruka dawa, na sababu ni ile sheria yao.

Mwezi ule unga niliukosa, sitakudanganya. Tulikula kwa Bibi Zaina, na mchana nilikaa kwenye cherehani yake ya pili nikijifunza kushona. Kituoni tulirudi wengi, mwezi baada ya mwezi, tukigoma kuvua viatu, mpaka mradi ukakubali kutupa vyerehani na kutulipia bima ya afya ya nyumba nzima, mnene kwa mwembamba. Tangu hapo sijaruka dawa. Na kuna mwanamume mmoja aliyetaka kunilipia kodi ya chumba ili alale kwangu, hataki hata kusikia habari ya kondomu; huyo nilimfungia mlango nikiwa nimeshiba. Wakati wa njaa nisingeweza.

Mwanangu, msaada ukija uchukue bila haya. Dawa kwenye tumbo tupu zinazungusha kichwa, na mwenye njaa hupata shida kumkatalia mwenye chakula. Lakini wakikuwekea sheria inayotaka uwe mgonjwa ndipo ule, usiitii kimyakimya kama nilivyofanya mimi. Meza dawa zako, kisha nenda ukawaambie usoni kwamba hukubali. Wakikosa pahali pa kuandika, walete karatasi nyingine.

Mimi leo nimenenepa, nina wajukuu watatu, na ngazi za kwetu Gitega zinanitoa jasho. Mwenyezi Mungu akunenepeshe na wewe, mwanangu, akuzeeshe, na asikuvue viatu mbele ya mtu yeyote.